Mteja akitaka waini nzito, usimpe waini tamu

Leo somo ni la wenye grosari na maduka ya vinywaji, hasa sisi wa Mchafukoge, Kariakoo na mitaa ya jirani, ambako mteja anatoka ofisini jioni anapita kuchukua chupa ya kwenda nayo nyumbani.

Nianze na hasara yangu mwenyewe. Alikuja mama mmoja, nikamwamkia, akasema anataka katoni ya waini nyekundu nzito, ana wageni na atachoma nyama. Mimi kusikia "nzito" nikajua anataka tamu. Nikampa ile inayotoka sana dukani. Kesho yake akarudi na chupa kumi na moja. "Mwanangu, nilikuomba nzito, wewe umenipa juisi." Nikamrudishia hela yake yote. Ile chupa iliyofunguliwa ikawa juu yangu, lakini hiyo ni ndogo. Yule mama hakurudi tena, na mtu anayenunua kwa katoni hapatikani kila siku.

Hapo ndo nikaamua kujifunza ninachouza.

UZITO SIO UTAMU

Uzito ni jinsi waini inavyojaa mdomoni. Kunywa maji, halafu kunywa maziwa halisi: tofauti unayoisikia kwenye ulimi ndo uzito. Utamu ni sukari iliyobaki kwenye waini. Kwa hiyo waini inaweza kuwa nzito kabisa na isiwe na utamu hata chembe. Hiyo ndo wateja wanaita kavu, na kwenye lebo mara nyingi imeandikwa "Dry".

KWA NINI WANACHANGANYA ZABIBU?

Ni kama viungo vya pilau. Bizari peke yake haitoshi, na karafuu ikizidi inaharibu. Kila zabibu ina kazi yake. Mchanganyiko wa aina tatu utakutana nao sana:

1. Cabernet Sauvignon na Merlot. Huu ni mtindo wa Bordeaux, Ufaransa, na siku hizi unatengenezwa nchi nyingi. Cabernet inaleta ukakasi na nguvu, Merlot inalainisha. Mwambie mteja ategemee ladha ya matunda meusi, karibu na zambarau zilizoiva.

2. Syrah, Grenache na Mourvèdre. Asili yake ni kusini mwa Ufaransa. Ukiona Shiraz kwenye lebo, ni Syrah hiyo hiyo. Harufu ya pilipili manga utaisikia, na inakwenda vizuri na nyama choma.

3. Mchanganyiko wenye Pinotage, wa Afrika Kusini. Pinotage ilizalishwa huko mwaka 1925 kwa kupandanisha Pinot Noir na Cinsaut. Mara nyingi ina harufu ya moshi kwa mbali.

Na usisahau ya nyumbani. Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Wana zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora, na Syrah na Cabernet Sauvignon zinalimwa pia. Wateja wengi wamezoea zile tamu za Dodoma, lakini kavu nazo zipo. Ziweke rafu tofauti ili wewe na kijana wako wa dukani msichanganye.

JINSI YA KUONJA

Mimina kidogo kwenye glasi safi. Ukiwa kazini onja uteme, usimeze.

- Rangi: inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Nyekundu iliyokolea hadi huoni maandishi vizuri, mara nyingi ni nzito.
- Harufu: zungusha glasi, nusa. Tunda, pilipili manga, moshi? Harufu ya vanila mara nyingi inatokana na pipa la mwaloni.
- Ukakasi: ule unaokausha ulimi kama umekula bibo au umekunywa chai ya rangi iliyochemka sana. Sio kasoro. Ndo unaopatana na mafuta ya nyama.
- Uchachu: mate yakijaa mdomoni kama umeonja ukwaju, basi uchachu upo.
- Inavyobaki: hesabu kimoyomoyo. Nzuri haipotei haraka mdomoni.

Andika ulichosikia kwenye daftari kwa maneno yako. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150, kwa hiyo chupa moja inatosha kufundisha watu wa duka zima. Hiyo sio hasara, ni ada ya shule.

UKISHINDWA KUONJA, SOMA LEBO

Waini kavu yenye kilevi cha asilimia 13.5 kwenda juu mara nyingi ni nzito. Ila angalia: zipo waini tamu zilizoongezewa pombe kali, nazo asilimia inapanda. Usiangalie namba peke yake. Na kabla hujapokea mzigo, hakiki stempu ya kielektroniki ya TRA kwa simu.

JOTO LA DAR NI ADUI

Waini nzuri ukiipanga mlangoni inapopigwa na jua, unauza siki. Weka sehemu yenye giza na ubaridi, mbali na jiko na mgongo wa friji. Zenye kizibo cha gome zilaze, kizibo kisikauke. Watu wanasema nyekundu inanywewa kwa joto la chumba, lakini chumba chetu kina nyuzi 30. Inayofaa ni nyuzi 16 hadi 18. Mshauri mteja aiweke kwenye friji kwanza kabla ya kufungua.

MASWALI MAWILI KABLA HUJATOA CHUPA

"Unapenda tamu au kavu?" Halafu: "Utakula na nini?" Kama nyama choma au mbuzi, toa nzito. Samaki wa kupaka, usimbebeshe nzito yenye ukakasi, itamharibia mlo.

Maswali hayo mawili hayana gharama. Mimi sikuyauliza, nikapoteza mteja wa katoni. Wewe yaulize kuanzia leo jioni, na mtumie somo hili mwenzako mwenye grosari.