Kutoka Diani hadi Tanga: Pesa Yako Isikwame Lunga Lunga

Unapanga kuendesha gari kutoka Diani, upite Msambweni, uvuke Lunga Lunga na Horohoro, ukaone mapango ya Amboni na mji wa kale wa Pangani? Safari njema! Ila usingoje ufike mpakani ndipo uanze kufikiria pesa.

Shida ni hii: una salio la kutosha kwa simu, lakini ukivuka, laini haishiki mtandao na wakala wa Tanga hawezi kukutolea. Salio lipo, mafuta hayanunuliki. Kwa hivyo, kabla hujatoka:

1. Washa huduma ya kutumia laini yako nje ya nchi, na uulize gharama zake.
2. Toa pesa za siku ya kwanza ukiwa bado Ukunda. Zibadilishe benki au kwenye duka la fedha lenye leseni.
3. Beba pasipoti na bima ya gari inayokubalika Tanzania, ile Kadi ya Njano ya COMESA.
4. Mpakani, usimpe mtu simu wala PIN eti "akusaidie kubadilisha". Pesa ikishatumwa, kuirudisha ni kazi.

Tunashauri ugawe pesa: nyingine mfukoni, nyingine kwenye simu. Hii ikikwama, ile itakurudisha nyumbani.