Dondoo muhimu: Chawa wasiokoma kichwani mwa mtoto

Umempaka mtoto dawa, na wiki ijayo anajikuna tena? Usikimbilie kulaumu duka la dawa. Dawa nyingi huua chawa lakini huacha mayai, nayo huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10. Ndiyo maana dawa ya pemethrini ya asilimia 1 hurudiwa siku ya 9, hata kichwa kikionekana safi.

Wakati huohuo, lowesha nywele, paka kondishona, upitishe chanuo la meno yaliyobanana kuanzia kwenye ngozi. Lifute kwa kitambaa cheupe uone ulichokamata. Rudia kila baada ya siku 3 au 4, kwa wiki 2. Nywele zikigoma, nyoa. Zitamea.

Chawa haruki, hutambaa watoto wanapolala kichwa kwa kichwa, na kwa baridi ya huku Ainabkoi hulala wakikumbatiana. Kagueni wote wa nyumbani siku moja. Boshori na foronya zifuliwe kwa maji moto.

Dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe, isiyokosa kwenye boma la maziwa, isiguse kichwa cha mtoto. Wala mafuta ya taa. Kichwa kikitoa usaha, mpeleke zahanati.