Dondoo muhimu: Krapi wa kina kifupi

Majira ya kuchipua, maji yakikaribia nyuzi 16 za Selsiasi, samaki aitwaye krapi husogea kandokando kutaga. Penye visiki na miti ya saiprasi, kama ziwa Reelfoot la Tennessee, mita moja ya maji inatosha.

1. Kata leseni ya uvuvi ya jimbo kwanza.
2. Chagua jigi (ndoano yenye kichwa kizito) ya gramu 1 au 2 na chelezo chembamba. Kinene humshtua samaki, akatema.
3. Ning'iniza jigi juu ya samaki, si chini yake: krapi huwinda akitazama juu.
4. Sukuma fundo la mshipi mpaka juu ya tundu la jigi ili jigi ilale kama kidagaa. Ukishanasa mmoja, likague tena, huteleza.
5. Tupa jigi mbele ya kisiki, kisha ivute taratibu. Usimwangushie samaki kichwani.
6. Chelezo kikilala ubavu usingoje kizame: samaki ameshainyanyua jigi. Wageni wengi hukosea hapa, wakilaumu chambo.
7. Usikutue mshipi. Mdomo wa krapi ni mwepesi kama karatasi. Inua ufito tu, umpokee kwa wavu.
8. Dakika kumi kimya? Badili kina kabla ya rangi ya jigi.