Somo: Chini ya boti na nguvu ya mawimbi

Ndugu wanakoperative, wengi wetu tunapitisha mihogo na maharagi ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, Goma, na watu wengi walikufa. Basi tujifunze: boti inapambana na mawimbi namna gani?

1. Chini bapa. Inabeba mzigo mwingi kwenye maji matulivu. Lakini wimbi likija linaipiga paa! na mbao zinalegea.

2. Chini yenye umbo la V. Inapasua wimbi, pigo linapungua. Ubaya wake: ikisimama inayumba, na motere inakula esanse zaidi.

3. V pamoja na mipira ya hewa. Miaka ya 1960, huko Wales, watu wa shule ya Atlantic College waliunganisha chini ngumu na mipira pembeni. Boti ikilala upande, mpira unagusa maji na kuiinua. Mpira una vyumba. Kimoja kikitoboka, vingine vinabaki na hewa.

Sisi hatuna boti hizo, lakini hewa tunayo. Tufunge bidoni tupu, zenye vifuniko vikali, chini ya viti pande zote mbili. Magunia yakae chini, katikati. Kila mtu avae jile.

Tena, hakuna umbo linaloshinda mzigo uliozidi. Mwenye boti akiongeza gunia la mwisho, nani kati yetu atasema: hapana, inatosha?