SOMO LA KIFARANSA: KUELEZA MAHALI NA VITU VINAVYOTUZUNGUKA



Somo hili ni la mtu anayeanza. Halihitaji kitabu. Linahitaji penseli, karatasi na macho yako mwenyewe, kwa kuwa tutasoma vitu vilivyo mbele yetu hapa Kenani: hema, bido, kisima, barabara, ziwa.

Wengi huuliza: Kifaransa cha nini huku Zambia, ambako ofisi hutumia Kiingereza na sokoni watu husema Kibemba? Swali ni la haki. Watoto wetu wanajifunza lugha hizo mbili na ni vema wazijue. Lakini Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema kwamba lugha ya serikali ni Kifaransa. Kiswahili ni lugha ya taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni hii: ukifika ofisini Pweto utamsalimu karani kwa Kiswahili, naye atakujibu kwa Kiswahili, lakini akishika kalamu ataandika Kifaransa. Na kilichoandikwa ndicho kitakachobaki.

Mwezi wa Desemba 2021 msafara wa kwanza uliopangwa ulitoka Mantapala kwenda Pweto. Wewe ukirudi, mwaka huu au baada ya miaka kumi, utaulizwa ulikaa wapi, nyumba ilikuwa upande gani, shamba lilipakana na nini. Afadhali uweze kusoma jibu lako mwenyewe kabla ya kutia sahihi au kupiga kidole.

MANENO ULIYO NAYO TAYARI

Usiogope. Kila siku unasema Kifaransa bila kujua. Kamyo ni camion. Velo ni vélo. Bido ni bidon. Bashi tuliyofunika juu ya hema ni bâche. Tole ni tôle, biro ni bureau, parsele ni parcelle. Wako wanaosema lopitalo. Hilo ni l'hôpital, na hata kile kidogo cha mbele kimeingia pamoja na neno.

Kwa hiyo maneno si shida kubwa. Shida ni kile kidogo cha mbele. Katika Kifaransa jina la kitu halitembei peke yake. Hutanguliwa na un au une, le au la.

Un na une hutumika kwa kitu ambacho hakijajulikana bado: un camion, kamyo fulani, une bâche, bashi fulani. Le na la ni kwa kitu tunachokijua sote: le camion, ile kamyo, la bâche, lile bashi. Jina likianza kwa a, e, i, o, u, na mara nyingi h, basi le na la hukatwa kuwa l': l'école (shule), l'église (kanisa), l'arbre (mti). Vitu vikiwa vingi ni des na les: des bidons, les bidons. Ile s ya mwisho huandikwa lakini haitamkwi, kwa hiyo sikio lako litaujua wingi kwa lile neno la mbele tu.

Utauliza, kwa nini kamyo iwe un na bashi iwe une? Kamyo ni mwanamume? Hapana. Usitafute mume wala mke ndani ya vitu. Fikiri kama unavyofikiri Kiswahili: kwa nini kiti ni KI na mti ni M? Hakuna anayejua sababu, lakini mtoto wa miaka minne anasema kiti kikubwa, mti mkubwa. Hizo ni ngeli. Kiswahili kina ngeli nyingi; Kifaransa kina mbili tu. Mtu aliyeweza nyingi hashindwi na mbili. (Najua, sisi wa Katanga tukiwa nyumbani tunasema kiti mukubwa na hakuna anayetukamata. Katika Kifaransa utakamatwa.)

Kwa hiyo usijifunze neno maison. Jifunze une maison. Neno na mlango wake, pamoja, kila mara. Haya ya kuanzia:

un puits – kisima
un champ – shamba
un lac – ziwa
un marché – soko
un filet – wavu
une maison – nyumba
une tente – hema
une route – barabara
une rivière – mto
une pirogue – mtumbwi
une termitière – kichuguu

Miti na matunda yatakufurahisha. Sisi tunasema mwembe na embe, mpapai na papai: ngeli inabadilika. Wafaransa hufanya vivyo hivyo: un manguier ni mwembe, une mangue ni embe, un papayer ni mpapai, une papaye ni papai. Si matunda yote yanafuata njia hiyo, maana limau ni un citron, lakini miti ya matunda ni un.

KUSEMA KIPO, NA KIPO WAPI

Maneno matatu mafupi, il y a, ni sawa na kuna, pana, mna. Tamka ilia. Hayabadiliki, kitu kiwe kimoja au mia.

Il y a un puits. Kuna kisima.
Il y a des tentes. Kuna mahema.

Sasa mahali. Dans ni ndani ya. Sur ni juu ya. Sous ni chini ya. Devant ni mbele ya, derrière ni nyuma ya, entre ni kati ya. Haya sita ni rahisi, unayaweka tu kabla ya jina: devant la maison, sous l'arbre, dans la tente, entre la route et la rivière.

Mengine matatu yana ugumu kidogo: près de (karibu na), loin de (mbali na), à côté de (kando ya). Ugumu ni hiyo de. Ikikutana na la inakaa salama: près de la route. Ikikutana na l' inakaa salama: près de l'école. Lakini ikikutana na le, hayo mawili yanameza moja jingine na kuwa du: près du lac, à côté du marché. Usiandike kamwe de le lac. Ndivyo ilivyo pia kwa à, yaani kwenye: à na le huwa au. Je vais au marché, ninaenda sokoni. Lakini je vais à la rivière, ninaenda mtoni. Kwa u hii ya du, kaza midomo kama unataka kusema u, halafu sema i. Watoto watacheka, endelea.

Tufanye zoezi na ziwa letu. Hapa linaitwa Mweru, na katika karatasi za Kongo utalikuta limeandikwa Moero. Ni maji yaleyale. Luapula unaingia kusini, na Luvua unatoka kaskazini, penye Pweto.

Pweto est au nord du lac. Pweto iko kaskazini ya ziwa.
Kilwa est à l'ouest du lac. Kilwa (mji wa upande wa Kongo, si kisiwa cha Zambia) iko magharibi ya ziwa.
Nchelenge est à l'est du lac. Nchelenge iko mashariki ya ziwa.

Tazama sentensi ya mwisho. Est ya kwanza ni "ni" au "iko", nayo hutamkwa e tu. Est ya pili ni mashariki, nayo hutamkwa yote, est. Zinaandikwa sawasawa. Hapa wengi wanasimama, kwa hiyo isome kwa sauti mara tano: Nchelenge e a lest.

KUBWA, NDOGO, NYEUPE

Neno la sifa hufuata ngeli ya jina, kama kwetu. Mara nyingi kwa une tunaongeza e mwishoni, na hiyo e inaamsha herufi iliyokuwa imelala. Petit hutamkwa peti. Petite, petit, t inasikika. Grand huishia puani. Grande, d inasikika. Vert (kijani) hutamkwa ver, verte, vert. Jaune (njano) na rouge (nyekundu) hazibadiliki. Blanc (nyeupe) huwa blanche.

Kuhusu nafasi: rangi hukaa nyuma ya jina kama katika Kiswahili, un bidon jaune, une bâche blanche. Lakini grand, petit, bon (zuri) na vieux (ya zamani, kwa une ni vieille) hukaa mbele: un grand arbre, une petite maison. Rangi nyuma, ukubwa na umri mbele. Inatosha kwa sasa.

HAKUNA, NA PALIKUWA NA

Kwa "hakuna" tunasema il n'y a pas de. Hapa un na une zinaanguka zote, inabaki de, au d' mbele ya irabu. Il n'y a pas de pont, hakuna daraja. Il n'y a pas d'eau, hakuna maji.

Sasa fika karibu, maana hapa ndipo somo lote lilikuwa linaelekea. Kituo hiki cha Kenani kilifunguliwa mwaka 2017, wakati vita vya Katanga na Tanganyika vilipotuvusha. Nyumba ya udongo iliyoachwa tangu mwaka ule, mvua zimeshaifanyia kazi, hata kama moto haukuigusa. Ukimwambia karani il y a une maison, atatuma mtu, naye hataona nyumba. Ataandika kwamba hakuna kitu. Unahitaji kusema palikuwa na: il y avait. Tamka iliave. Na est, iko, huwa était, ilikuwa: tamka ete. C'est, hii ni, huwa c'était.

Il y avait une maison. Palikuwa na nyumba.
Il y a un manguier. Kuna mwembe.

Ona tofauti ya sentensi hizo mbili zikikaa pamoja. Ya kwanza ni kitu kilichopotea. Ya pili ni kitu kitakachoshuhudia. Kichuguu kikubwa hakihami, na mwembe hauhami isipokuwa mtu akiukata. Ukieleza parsele yako, anza na vitu ambavyo havikimbii, halafu weka nyumba kati yao.

"Yangu" ni mon kwa un, ma kwa une: mon champ, ma parcelle. Mbele ya irabu ni mon daima: mon école.

Huu ni mfano wa maelezo kamili:

Ma maison était dans le territoire de Pweto, près du lac. C'était une petite maison en briques. Devant la maison, il y avait un grand manguier. Derrière la maison, il y avait une termitière. Mon champ était entre la rivière et la route. À côté de mon champ, il y avait le champ de mon oncle.

Nyumba yangu ilikuwa katika teritware ya Pweto, karibu na ziwa. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali. Mbele ya nyumba palikuwa na mwembe mkubwa. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu. Shamba langu lilikuwa kati ya mto na barabara. Kando ya shamba langu palikuwa na shamba la mjomba wangu.

Jambo moja kuhusu jina la jimbo. Tangu mwaka 2015 Katanga imegawanywa kuwa majimbo manne. Karatasi za zamani zinasema Katanga. Siku hizi mtu wa Pweto au Mitwaba ataandika Haut-Katanga, na mtu wa Moba au Manono ataandika Tanganyika.

Na tuwe wakweli: karatasi utakayoandika si hati ya ardhi. Sheria ya Kongo ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali, na hati inayotambuliwa ni certificat d'enregistrement, ambayo wengi wetu wa vijijini hatukuwa nayo. Vijijini neno la chifu na la majirani ndilo lenye uzito. Lakini wazee wanaojua mipaka wanazeeka huku kambini, na watoto waliozaliwa hapa hawajawahi kuuona ule mwembe. Kaa na mzee wako jioni moja, umuulize, uandike. Andika nakala mbili, moja kwa Kiswahili na moja kwa Kifaransa, uziweke pamoja na karatasi zako nyingine. Mtu akikuomba fedha ili "akuandikishie", usimpe.

ZOEZI

Geuza kwa Kifaransa. Funika majibu kwa mkono.

1. Kuna kisima karibu na shule.
2. Hakuna daraja.
3. Bashi jeupe liko juu ya hema.
4. Palikuwa na mwembe mdogo nyuma ya kanisa.
5. Shamba langu lilikuwa kando ya mto.

Kisha andika sentensi sita juu ya kwenu, zako mwenyewe, umletee mhudumu wa jamii wa sehemu yako azisahihishe. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake wa shule. Mzazi aseme, mtoto aandike.

Majibu: 1. Il y a un puits près de l'école. 2. Il n'y a pas de pont. 3. La bâche blanche est sur la tente. 4. Il y avait un petit manguier derrière l'église. 5. Mon champ était à côté de la rivière.