Nani Amlee Mtoto Mama Akiwa Kazini?

Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mama mwajiriwa siku 84 za likizo yenye malipo. Akizaa pacha, siku 100. Baba hupewa 3 tu! Lakini waganga hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi 6, yaani siku 180 hivi. Tukizihesabu zote 84 tangu kuzaliwa, zasalia 96. Mama huruhusiwa kunyonyesha hadi saa 2 kila siku ya kazi. Zamfaa nini ikiwa nyumbani ni mbali? Hapo ndipo dada mkubwa hukosa masomo. Maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi hukaa muda wa saa 4 pasipo joto kali. Basi bibi aweza kumnywesha mtoto kwa kikombe, na dada akaja darasani.