Somo la Jiko la Uani: Moto wa Kupikia na Moto wa Kuota

Mstari wa ikweta unapita karibu na Butembo, na mgeni angeweza kudhani kwamba watu wa huko hawajui baridi. Sisi tunaijua. Mji uko juu milimani, na asubuhi ukungu hukaa mabondeni hata jua lipande. Beni iko chini zaidi, karibu na msitu mkubwa, nako kuna joto. Lakini mvua ikinyesha usiku kucha, hata huko bibi mzee hutafuta moto. Kwa hiyo tangu zamani za mababu jiko letu lina kazi mbili: kupika chakula na kuwapasha watu joto. Basi tujifunze namna ya kufanya kazi hizo mbili kwa moto mmoja, uani, pasipo kuumiza mtu.

Kwanza fahamuni habari ya moshi. Mama apikaye akiwa na mtoto mgongoni huvuta moshi, na mtoto huuvuta pamoja naye. Ndani ya moshi wa kuni mna vumbi dogo sana lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo hushuka mpaka ndani ya mapafu na kuyadhoofisha, ndipo homa ya mapafu hupata njia. Mtu mzima naye hupata kikohozi kisichokwisha, na macho huharibika polepole. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulileta vifo milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Hatari ya pili haina moshi, na kwa sababu hiyo watu hawaiogopi. Ni makala. Usiku wa baridi baba huingiza mbabula chumbani, hufunga mlango, na watu wote hulala. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hukamata damu, hata damu isiweze kuchukua hewa njema. Kichwa huuma, mtu huona kizunguzungu, hutapika, kisha hulala usingizi asioamka. Je, kuacha dirisha wazi kidogo kunatosha? Hapana. Mbabula isilale chumbani hata usiku mmoja. Mkiwakuta watu katika hali hiyo, fungueni milango, watoeni nje upesi, kisha wapelekeni hospitali hata kama wameamka na kusema kwamba wamepona.

Wazee wengine watajibu kwamba moshi una faida: hukausha mahindi yaliyotundikwa juu ya mafiga, na hufukuza wadudu katika majani ya paa. Wanasema kweli. Lakini siku hizi nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati, na mahindi yanaweza kupata ghala lake. Mapafu ya mtoto hayahitaji kukaushwa.

Sasa tujenge. Simama uani jioni, uangalie moshi wa jirani unaelekea wapi; weka jiko upande ambao upepo hautaurudisha nyumbani kwako wala kwake. Acha nafasi ya hatua nane hivi kati yake na nyumba ya kulala. Simamisha nguzo, weka paa la mabati lililo juu vya kutosha, na jenga ukuta kamili upande ule mvua inakotoka. Pande nyingine ziwe wazi. Inua sakafu kidogo ili maji ya mvua yasiingie.

Meko yenyewe yajengwe kwa matofali ya kuchoma, ambayo kwetu hayakosekani. Usiyaunganishe kwa saruji mahali pa moto, maana saruji hupasuka kwa joto. Tumia udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwa. Mawe ya mtoni usiyatumie, kwa kuwa maji yaliyomo ndani yake huchemka na jiwe huweza kupasuka kwa kishindo. Kimo cha meko kifike magotini tu. Nimeona picha za wageni zenye meko ya kufika kiunoni. Hizo zinafaa kwa chai, lakini mama hawezi kusonga bugali mahali pa juu namna ile, maana mwiko hutaka nguvu ya mabega kutoka juu. Tundu la sufuria likae sawasawa na sufuria, moshi usipate njia ya kutokea hapo. Nyuma weka dohani, yaani njia ya moshi, ipite juu ya paa, na isigusane na mbao.

Ukuta wa nyuma wa meko uwe mwembamba, tofali moja tu. Upande wake wa pili jenga benchi. Hapo ndipo mahali pa kuota. Tofali hupokea joto polepole na kulishika muda mrefu baada ya moto kuzimika, na aketiye pale haelekei moshi wala sufuria inayochemka.

Kuni zikauke kabisa. Mikaratusi iliyokatwa jana hutoa moshi mwingi. Ipasue, uiweke chini ya paa. Maharagi yakilowekwa usiku, kuni hupungua.

Tangu mwaka 2014 watu wengi wa upande wa Beni wamekimbia vijiji vyao, na mara nyingi jamaa tatu hupikia uani pamoja. Watoto ni wengi, wa kuwaangalia ni wachache. Torati (Kumbukumbu la Torati 22:8) iliagiza mjenzi azungushe ukuta juu ya dari, mtu asianguke. Nasi tuzungushe ukuta mdogo upande wa kupikia, mtoto atambaaye asipite.

Mtoto akiungua, mwagie mara moja maji safi ya baridi kwa dakika 20, lakini mwili uliobaki ufunikwe, asipate baridi. Vua nguo, isipokuwa iliyoshikana na ngozi. Usipake siagi, yai, majivu, wala dawa ya meno. Funika kidonda kwa kitambaa safi. Kikipita ukubwa wa kiganja chake, au kikiwa usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri, au ngozi ikiwa nyeupe na haiumi, mlete hospitali siku ile ile.